Neno la Siri la Fundi Gwakisa

Hii nimetumiwa, nami naituma kama ilivyo. Ukifika mwisho utajua mwenyewe nani wa kumpelekea.

Kulikuwa na chuo kimoja cha uuguzi kule milimani, ambako mvua ikianza huwa haina haraka ya kuondoka. Katika chuo hicho alikuwepo fundi wa mtandao aliyeitwa Gwakisa. Alikuwa fundi hodari, na mtu wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa yeye mwenyewe. Ukutani kwake alitundika vyeti saba, vyote kwenye fremu. Mgeni akiingia aliachwa asimame kidogo ili avisome kabla ya kukaribishwa kiti.

Jambo alilolipenda kuliko yote ni usalama wa maneno ya siri. Alitoa amri kwamba neno la siri la kila mfanyakazi liwe na herufi kumi na tano au zaidi, ndani yake muwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na libadilishwe kila mwezi. Kila Jumatatu asubuhi alipita ofisi kwa ofisi akikagua. Aliinua kibodi, alipindua vikombe, alifungua hata mikebe ya sukari, akitafuta vikaratasi. Kikaratasi cha msajili wa chuo, Bwana Ambwene, alikikuta ndani ya kifuko cha miwani, akakisoma kwa sauti kwenye kikao cha wafanyakazi. Mwalimu mmoja alikuwa ametumia jina la binti yake. Gwakisa alimweleza mbele ya wenzake kwamba mwizi wa taarifa hana haja ya kusomea wizi, aende tu kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto huyo.

Watu walinuna, lakini walitii. Na kwa kweli Gwakisa hakuwa mtu mbaya. Aliamini anawalinda.

Basi ikafika siku ya mwisho ya kuwasajili wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mtihani wa taifa. Wanafunzi mia mbili themanini na sita, majina yao, picha zao na alama zao zote, vilitakiwa viwe vimetumwa kabla ya saa kumi alasiri. Ambaye jina lake lisingefika angesubiri mwaka mzima mwingine, na wazazi wa wengi wao walikuwa wamekwisha kuhesabu miezi. Bwana Ambwene, ambaye alikuwa na kawaida ya kuacha kila jambo hadi siku yake ya mwisho, alianza kutuma saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu kamili mtandao ukafa.

Haukufa kwa kusuasua. Ulikufa chuo kizima kwa mara moja, maktaba, maabara, ofisi ya mkuu, kila mahali.

Mkuu wa chuo, Bi Tumwitike, alikuwa mama mfupi asiyepaza sauti. Alikuja mwenyewe hadi kwenye chumba cha mitambo akauliza itachukua muda gani. Gwakisa alijibu nusu saa. Mkuu akatazama saa yake, akasema asante, akaondoka. Gwakisa angefurahi zaidi kama angegombezwa.

Alianza na mambo makubwa, kwa sababu ndiyo aliyoyasomea. Kwanza alishuku kampuni inayoleta intaneti, akawapigia simu, akabishana nao dakika arobaini kwa lugha ambayo hata wao waliomba aipunguze. Kwao hakukuwa na tatizo. Kisha akashuku virusi. Akatangaza kwamba huenda chuo kimeshambuliwa na wahalifu kutoka nje ya nchi, na habari hiyo ikafika bwenini kabla yeye hajamaliza kuisema. Kisha akashuku ruta, kisanduku kinachopokea intaneti, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga.

Saa tano hakukuwa na kilichobadilika. Bwana Ambwene alikuja kupendekeza watumie bando la simu yake. Gwakisa akamweleza kwamba intaneti siyo tatizo. Taarifa za wanafunzi zimo ndani ya seva, seva imefungiwa kabatini, na hakuna kompyuta hata moja chuoni inayoweza kuongea nayo. Bwana Ambwene aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha akaketi kwenye benchi la ukumbini akiwa ameshika simu yake yenye bando.

Wakati huo wote alikuwa akipita Mama Subilaga. Huyu alikuwa mama wa usafi na chai, wa siku nyingi pale chuoni kuliko mtu mwingine yeyote. Meza yake yenye chupa za chai ilikuwa ukumbini, hatua tatu kutoka mlango wa Gwakisa. Mara ya kwanza alikuja na kikombe, akasema, "Fundi, kuna jambo." Gwakisa akamwambia aweke chai mezani. Mara ya pili alikuja na maandazi, akasema kuna jambo, naye akaambiwa asubiri. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, na Gwakisa, ambaye sasa alikuwa amelala chini ya kabati akitoa miguu tu nje, akasema kwa heshima yote kwamba leo si siku ya mambo madogo.

Mama Subilaga akarudi kwenye meza yake.

Saa sita na nusu Gwakisa aliamua kuingia ndani ya swichi kuu. Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi kinachogawa mtandao. Cha kwao kilikuwa na matundu ishirini na manne, kila tundu na waya wake, kila waya ukielekea chumba fulani. Aliona taa zake zote zinapepesa kwa kasi, zote kwa pamoja, bila kupumzika. Alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye swichi ili aone kilichomo, na swichi ikamwomba neno la siri.

Aliandika. Swichi ikakataa.

Aliandika tena, polepole. Ikakataa.

Neno lile alikuwa amelibadilisha Ijumaa, kwa amri yake mwenyewe. Lilikuwa na herufi kumi na tisa, ili liwe mfano kwa wengine. Hakuliandika popote, kwa sababu angejisikiaje Jumatatu akipindua vikombe vya watu. Sasa lilikuwa limemtoka kichwani, lote, kama jina la mtu unayemwona anakuja akitabasamu na wewe humkumbuki. Alijua akikosea mara moja zaidi, swichi itajifunga.

Nyuma yake, mlangoni, mkuu wa chuo alikuwa amerudi. Bwana Ambwene alikuwa naye. Mama Subilaga alikuwa nyuma yao na trei.

"Kuna tatizo?" mkuu aliuliza.

Gwakisa alifikiria kusema mambo kadhaa, yote ya kitaalamu. Mwisho akasema ukweli, kwa sauti ndogo, kwamba amesahau neno lake la siri.

Bwana Ambwene alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ndipo Mama Subilaga akaweka trei chini.

"Unataka lile la zamani," aliuliza, "au hili la Ijumaa?"

Gwakisa aligeuka.

"La Ijumaa linaanza na K kubwa," Mama Subilaga aliendelea, bila makeke, kama anayemkumbusha mtu kiasi cha sukari. "Halafu i, halafu saba. Halafu unasema 'nyota'. Halafu unasema 'alama ya kuuliza, hapana, ya mshangao'. Pale ndipo huwa unakosea, unarudia."

Akaendelea hadi ya kumi na tisa. Gwakisa aliandika kila alichotajiwa, na swichi ikafunguka.

Ilikuwa hivi. Gwakisa alikuwa na tabia ambayo hakuwahi kuijua. Kila alipoandika neno la siri, aliitamka kila herufi, si kwa kunong'ona hasa, ila kwa sauti ya mtu anayesali peke yake akidhani yuko peke yake. Na kila asubuhi mlango wake ulikuwa wazi, kwa sababu ya vyeti. Mama Subilaga alikuwa akipanga vikombe hatua tatu kutoka pale. Mwaka mzima alikuwa akisikia, na kila neno lilipobadilika naye alijifunza jipya, bila kukusudia, kama mtu anavyojifunza tangazo la redioni.

"Na si mimi tu," alisema. "Mlinzi wa asubuhi naye analijua. Ila yeye huwa anachanganya kule katikati."

Gwakisa hakuwa na muda wa kufa kwa aibu, ingawa angependa. Alitazama kioo. Matundu ishirini na matatu yalikuwa ya kawaida. Tundu la tisa lilikuwa linamimina ujumbe kwa mamilioni, ujumbe ule ule, unaorudi na kurudi. Waya wa tisa ulielekea ofisi ya msajili.

Aliuchomoa. Taa za swichi zikatulia. Kutoka maktaba ikasikika sauti ya mtu akisema afadhali.

Walikwenda wote wanne ofisini kwa Bwana Ambwene. Chini ya meza kulikuwa na kiswichi kidogo cha matundu matano, na humo ulikuwepo waya mmoja mfupi ambao ncha zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa katika kisanduku hicho hicho. Ujumbe ulikuwa unatoka tundu hili, unaingia tundu lile, unaanza safari upya na kuzaana njiani, mpaka chuo kizima kikakosa nafasi ya kusema neno. Ulikuwa kama umbea wa mtu aliyeusambaza mwenyewe, kisha akausikia kwa jirani, akauamini, akausambaza tena.

"Nani amechomeka huu?" Gwakisa aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Subilaga. "Saa tatu, nikifagia. Niliona ncha moja inaning'inia, na pembeni kuna tundu wazi, nikadhani imechomoka. Nikairudisha. Taa zikaanza kucheza, nikajua nimeharibu. Ndiyo nikaja kukwambia."

Hakumaliza kusema alikuja mara ngapi. Hakukuwa na haja.

Bwana Ambwene alianza kutuma majina saa saba, na safari hii hakunyanyuka hata kwenda msalani. Mwanafunzi wa mia mbili themanini na sita alitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa kumi.

Mkuu alimwita Gwakisa pembeni, akamuuliza swali moja tu. Je, kama asingekuwa na neno la siri kabisa, asingeweza kulijua tundu lenye tatizo?

Gwakisa alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo masikio yake yalivyowaka moto. Angeweza. Angechomoa waya mmoja mmoja huku akitazama taa. Nyaya ishirini na nne, dakika tano. Ndilo somo la kwanza walilofundishwa mwaka wa kwanza. Ukikuta kitu kimeharibika, uliza kwanza kilichobadilika, kisha tenganisha kimoja kimoja. Alikuwa amelifaulu somo hilo kwa alama za juu, na cheti chake ndicho kilichokuwa cha kwanza kushoto.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Mama Subilaga mwenyewe alimfuata jioni ile akamwambia kwamba yeye kwa upande wake hatasema kwa mtu, na mlinzi atamnyamazisha kwa chai. Gwakisa alimshukuru. Lakini usingizi ulikuwa umekwisha kukataa kabla hata hajafika nyumbani, kwa sababu alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Neno lile la siri, kama yale yaliyolitangulia na kinyume na yote aliyowahubiria watu, ndilo hilo hilo alilolitumia kufungua seva. Na ndani ya seva mlikuwa na alama za wanafunzi wote.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu akaeleza, amesimama. Kisha akaomba ruhusa ya kukagua kumbukumbu za seva, kuona kama kuna aliyewahi kuingia kwa jina lake.

Alikuwepo, na aliingia mara moja tu. Ilikuwa Jumanne ya wiki mbili nyuma, kupitia kompyuta ya chumba cha wanafunzi, siku ambayo Gwakisa alikuwa Mbeya kwenye semina. Mkuu alitaka kujua semina ya nini. Gwakisa akasema ya usalama wa mtandao.

Aliyeingia alikaa ndani dakika nne. Alifungua faili la mwanafunzi mmoja, Enesia Mwasomola wa mwaka wa tatu. Mkuu akaagiza aitwe, na Bwana Ambwene pia, aje na daftari la alama la karatasi.

Enesia alikuja akiwa amevaa sare, akasalimia, akasimama. Alipoulizwa hakuzunguka. Alisema ni yeye. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akimsubiri Bwana Ambwene, akamsikia fundi akitaja herufi, akaziandika kwenye kiganja.

Gwakisa alilinganisha alama zake kwenye seva na zile za kwenye daftari. Alirudia mara mbili. Zilikuwa sawa zote. Hata jaribio la somo la dawa, alilopata arobaini na nane wakati kiwango cha kufaulu kilikuwa hamsini, lilikuwa bado arobaini na nane.

"Sasa uliingia kufanya nini?" mkuu aliuliza.

Enesia akasema alikwenda kuongeza herufi moja. Jina lake lilikuwa limeandikwa Mwasomoa. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa ameleta cheti cha kuzaliwa ofisini kwa msajili mara nne, na mara zote aliambiwa aje wiki ijayo. Cheti cha uuguzi kingetoka kwa jina ambalo si la baba yake, na hospitali ipi ingemwajiri kwa jina la mtu asiyekuwepo? Aliweka L, akatoka.

Bwana Ambwene alianza kutafuta kitu ndani ya daftari, ingawa hakuna aliyemuomba kitu.

"Uliziona alama zako?" mkuu alimuuliza Enesia.

"Niliziona, mkuu."

"Na hiyo ya dawa?"

"Niliiona. Ilikuwa pale pale chini ya jina."

"Kwa nini hukuigusa?"

Enesia alionekana kama hakuelewa swali. "Arobaini na nane ilikuwa yangu," alisema. "Jina ndilo halikuwa langu."

Mkuu alitazama dirishani. Kisha akasema kwamba kutatoka barua tatu za onyo. Ya kwanza kwa Enesia, kwa kuingia mahali asiporuhusiwa, maana mlango wa mtu ni wa mtu hata ukiwa wazi. Ya pili kwa Gwakisa, kwa kuuacha mlango huo wazi mwaka mzima huku akikagua vikombe vya wenzake. Ya tatu, ambayo alisema itakuwa ndefu kuliko zote, kwa Bwana Ambwene, kwa kumfanya mtu mwaminifu atafute dirisha la kupitia kwa ajili ya herufi moja. Barua zitachapwa leo, na kila mmoja atasaini yake mbele ya wenzake.

Zilichapwa. Gwakisa alipofikishiwa yake aliisoma mara moja, akaisaini, halafu akaomba nakala. Alitoka nayo, akateremsha cheti cha kwanza kushoto, akaiweka barua ndani ya fremu ile, akaitundika tena. Mgeni aliyeingia baada ya hapo aliachwa asimame kidogo aisome, kisha akakaribishwa kiti.

Enesia alirudia jaribio la dawa baada ya wiki moja akapata sitini na tatu, na mtihani wa taifa akaufanya kwa jina la baba yake.

Funzo: Kabla hujaulaumu mtambo, waulize watu wamegusa nini, na kabla hujazikagua siri za wenzako, usikilize kwanza mdomo wako mwenyewe.